Jogoo wa Shangazi, Changamwe

Harufu ya manyoya ya kuku yakibabuliwa motoni hunirudisha Changamwe, na kila inaponirudisha naona haya upya.

Kwetu ni Muheza, Tanganyika. Mwaka mmoja wa vita vikuu vya pili nilikuwa na miaka kumi, nikavushwa mpaka wa nchi kwenda Changamwe kula Krismasi kwa shangazi yangu, ambaye mumewe alifanya kazi relini. Ugenini kule shangazi hakuwa na ndugu hata wa dawa. Alipojifungua, jirani yake Bi Zena ndiye aliyemkanda na kumpikia uji, na kila Idi sinia la pilau lilivuka ua kuja kwake. Sasa naye alitaka kuwalisha, angalau mara moja. Alimfuga jogoo miezi sita, na mume wa Bi Zena akaahidi kuja kumchinja kwa mkono wake, ili wote wapate kumla kwa halali.

Mimi sikuambiwa, au niliambiwa nikiwa nawaza halua. Asubuhi ya sikukuu, joto la kaskazi likituchoma, shangazi na mumewe walikwenda kanisani wakaniachia mtoto. Nikaona nisaidie. Baba alikuwa amenifunza kuchinja, na kisu nilikiweza! Waliporudi walimkuta jogoo kesha nyonyolewa, nami nangoja sifa.

Shangazi aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi akalia. Nilishangaa sana, mtu mzima kumlilia kuku.

Bi Zena akaja kuona kulikoni. Alimtazama jogoo, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Haya mchinjaji, hata shikamoo huna?"

Nikamwamkia, machozi yakinilenga.

"Marahaba." Kisha akamgeukia shangazi. "Nyamaza, mwanangu. Kuku hatumli, lakini kuja twaja. Wali si upo? Na maharagwe yapo? Basi, wallahi yatosha."

Wakaja wote. Mume wa Bi Zena, mzee mkimya, alipakuliwa wali mtupu, akaisogeza sahani yake mbele.

"Tia na maharagwe, mwanangu."

Alipomaliza, akaomba tena. Nikajua huyu mzee ni mpenzi wa maharagwe.

Nilikuwa nimeshazaa watoto watatu shangazi aliponieleza. Maharagwe yalikuwa yakimkata tumbo mzee yule, na mtaa mzima ulijua kwamba hayagusi. Siku ile alikula sahani mbili.