Barua ya Ridhaa Niliyoikuta Kwenye Zilizofutwa

Mimi nina wivu, na sijapata kuona sababu ya kuuficha. Jirani yangu wa ghorofa hii hii ana kanga iliyoandikwa "Mwenye wivu ajinyonge", na kila akiifua huianika mbele ya mlango wangu, kwa makusudi. Namwachia. Tangu niolewe, simu ya mume wangu naikagua kila Alhamisi akirudi. Yeye huwa kashaoga, kakaa anasubiri chai, nami niko mbele yake na miwani yangu, nasoma. Hajawahi kunikataza. Hunicheka tu na kuniuliza kama nimekuta kitu kizuri.

Anafanya kazi Kendwa, hotelini, kwenye ofisi ya kubuki vyumba, na wiki nzima hulala huko huko. Mimi nafundisha skuli moja ya Amani na nakaa hapa Michenzani, kwenye fleti aliyotuachia mama yake. Sebuleni tuna kompyuta ya mezani, kubwa na nzee, ambayo aliiunganisha na barua pepe zetu zote mbili: anwani yake juu, yangu chini, ndani ya programu moja. Mimi huitumia kwa mambo ya skuli tu. Barua nikishaisoma naifuta, kama ninavyofuta ubao.

Safari hii kufuta kuliniponza. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa kwa barua pepe niende Makunduchi kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, na niliporudi akaniuliza mbele ya walimu wenzangu nilikuwa wapi. Nikamwambia ruhusa kanipa mwenyewe. Akasema hakumbuki. Mwalimu wa kompyuta akanivuta pembeni akanieleza kwamba barua iliyofutwa haipotei, inahamia folda nyingine, lakini programu hutafuta pale ulipo tu. Ukitaka itafute kote, bonyeza kimshale cha pembeni, chagua folda zote, uweke alama kwamba na zilizofutwa zimo.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Sikuvua hata buibui. Nikawasha kompyuta, nikafuata maelezo, nikaandika "harusi".

Ya mwalimu mkuu ilikuja ya kwanza, na roho yangu ikatulia. Chini yake zikaja nyingine mbili, zote zimetoka kwenye zilizofutwa. Moja ilikuwa imetumwa na mimi. Juu ina anwani yangu, chini ina jina langu, na mimi sikuiandika.

Imepelekwa kwa mwanamke wa Nungwi, mjane, anayefanya kazi ofisi moja na mume wangu. Jina lake nililijua, maana kwenye simu nilikuwa nalikuta kila wiki, lakini ujumbe wake wote ulikuwa wa vyumba na wageni, nikampita. "Assalaam alaykum," ndivyo nilivyoanza, mimi wa kwenye barua. "Nafurahi kukuthibitishia kwamba nimeridhia mume wangu akuoe. Sina kinyongo chochote. Harusi ifanyike siku mtakayoona inafaa, nami nitatoa ushirikiano wote. Karibu sana katika familia yetu. Tunatumaini utafurahia kuwa nasi."

Mwandishi nilimjua hapo hapo. Mume wangu kawaandikia wageni miaka mingi, na sasa hata ukewenza kauandika kama anathibitisha chumba kinachotazama bahari. Ningecheka, lakini jina la chini lilikuwa langu. Nilimtia kasoro yule mjane moja baada ya moja, uso, umbo, mwendo, na wala sijapata kumwona.

Barua ya pili ilikuwa jibu lake. Ilikuja kwenye anwani yangu, na bila shaka mume wangu, anayeijua nywila yangu tangu alipoiunganisha, aliiwahi huko huko kazini akaifuta kabla sijaiona.

"Bwana," kaandika, "hii umeiandika wewe. Nilikwambia siingii katika nyumba ya mtu mpaka nipate ridhaa yake mwenyewe, ukaniletea hii. Mwanamke gani wa kisiwa hiki atampa mwenziwe mume asimuulize mtoto wa nani? Ningekuwa mimi ndiye mkeo, ningeuliza baba yake nani, mama yake wa wapi, kaachwa au kafiwa, ndipo niseme ndiyo au nikupige mwiko wa kichwa. Umenidanganya hata hujanioa. Harusi hakuna, na kisichokuwa cha kazi usiniandikie tena."

Hapo ndipo wivu uliponishika barabara. Mwanamke ambaye hajaniona hata siku moja alijua nitauliza nini, na mwiko akautaja. Mume wangu, niliyelala naye miaka yote hii, hakujua. Nikaangalia tarehe. Ilikuwa ni ule wakati aliorudi na pweza na halua, akanitengenezea feni iliyokuwa imekaa mbovu tangu lini, akaniambia hana mwingine duniani ila mimi. Nilimtangazia jirani wa kanga mpaka akakoma. Kumbe nilikuwa natia mdomoni kilichokataliwa na mwenzangu.

Asubuhi yake, Alhamisi, nilimwonyesha mwalimu mkuu barua yake, akasema ah, kweli, na mambo ya skuli yakaisha hapo. Mume wangu akafika baada ya alasiri. Nikampokea mkoba, nikamwekea maji ya kuoga, nikamtilia chai na mkate wa kumimina. Alipokaa akaninyooshea simu, kama desturi yetu.

"Leo siitaki," nikamwambia. "Njoo huku unisomee kitu."

Alikuja na kikombe chake. Alipoona kilichofunguliwa kwenye kompyuta, akakiweka kikombe chini.

"Soma," nikasema. "Nataka nisikie nilivyoridhia."

"Mke wangu, hayo yashakwisha."

"Nnajua yashakwisha. Kayamaliza mwenzio, si weye. Soma."

Akasoma. Alianza na ile sauti ya kazini anayowajibia wageni kwenye simu, lakini haikumfikisha mbali. Kwenye "sina kinyongo" alikwama, kisha akaendelea mpaka mwisho.

"Nani huyu?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Huyu mwanamke alieandika. Asokuwa na kinyongo."

Nilitaka aniambie kwamba ni uongo mtupu, kaandika ilimradi kaandika. Ningemtukana, akaomba radhi, tukalala tumenuniana na siku ya pili tukasahau. Hakusema hivyo. Alikaa akiitazama ile barua, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu aliyechoka.

"Ndo nlivyokuwa nnataka uwe," akasema. "Siku zote."

Mjane wa Nungwi alikuwa kashajiondokea mwenyewe, na kwa heshima zake. Huyu wa pili sikumjulia dawa. Ana jina langu na mume wangu. Hashiki simu ya mtu, haulizi mtu katoka wapi, na akiambiwa jambo la kumkata maini hujibu karibu sana. Mume wangu alikuwa anaishi naye kichwani miaka sijui mingapi, kila Alhamisi anarudi nyumbani akimtarajia, anafunguliwa mlango na mimi. Nilimwonea wivu kuliko mwanamke yeyote niliyewahi kumdhania.

Nikavuta kiti, nikakaa karibu yake.

"Hebu isome tena," nikamwambia. "Taratibu. Nataka nimjue mke mwenzangu."