Kikaango cha Krismasi na Samaki wa Wakwe

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini samaki namgeuza mara moja tu. Wapo wenye shahada wanaomgeuza mara sita, wanamchokoa kama wamedondosha funguo tumboni mwake, halafu wanakuletea uji wenye miiba na kuuita mlo. Hongera zao.

Mwenzangu katika kazi hiyo ni kikaango. Cha chuma, kizito, cheusi tii. Nilikinunua upande wa Zambia nikiwa bado na meno yote, na muuzaji aliniita bamayo, yaani mama, wakati mimi ni binti mbichi kabisa. Nikamsamehe kwa sababu ya kikaango. Tangu siku hiyo hakijaguswa na stilwaya. Nakipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, nakitundika ukutani kinang'aa. Samaki akilala humo hashiki. Anateleza kama diwani aliyeulizwa habari za barabara.

Basi mjukuu wangu akapata mchumba. Kijana wa Kiislamu, wazazi wake wana malori hapa Tunduma, kwao Tanga. Sisi ni Wakristo, asili yetu Isansa, kwenye kahawa. Siku kijana alipokuja kusalimia, mdomo wangu ukanitangulia kama kawaida yake: "Mwambie mama yako aje ale samaki wangu. Mimi namgeuza mara moja!"

Akamwambia. Mama akajibu atakuja Jumamosi mchana.

Sasa huyo mama alikuwa bado hajaikubali ndoa. Ndugu zake walishamjaza maneno: kwa watu wale utalishwa kitimoto, nyama ya nguruwe, bila kujua. Ndiyo maana samaki alikuwa jibu zuri. Kuku angeleta swali la nani kachinja, samaki hachinjwi. Hata binti yangu, mama wa bibi harusi, ambaye siku zote huona akili zangu zimestaafu, alisema, "Hapo mama umecheza."

Jumamosi asubuhi nikapata magege, samaki wa Ziwa Rukwa, matamvua mekundu, macho yananitazama kama yananidai heshima. Nikaparua, nikachanja mbavuni, chumvi, ndimu. Nikawafuta kwa kitambaa mmoja mmoja mpaka wakakauka, maana samaki mwenye maji na mafuta ya moto ni ugomvi wa wake wenza. Nikanyoosha mkono kushusha kikaango.

Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni. "Bibi, Krismasi tulikaangia nini humo?"

Mkono ukabaki juu.

Kitimoto. Na si Krismasi ile tu. Kila Krismasi, kila Pasaka, kila ubatizo. Ule mng'ao niliokuwa nawatangazia watu miaka yote ni mafuta ya nguruwe.

"Osha na sabuni, mama," binti yangu akasema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Moto unaua kila kitu."

"Mbona haujaua mdomo wako, na umekaa jikoni tangu alfajiri?"

Mjukuu hakulia. Angelia ningejua la kumwambia. Alisema tu, "Akija kugundua baadaye, Bibi, mimi ndiye nitakuwa nimemlisha."

Nikajifunga khanga nikaenda kwa jirani yetu Mwislamu. Akanipa sahani na kikaango cha alumini, chembamba, bado kiko ndani ya boksi la zawadi ya harusi. "Na kile chako cha sifa?" akauliza.

"Kiko likizo."

Mafuta ya alizeti yakachemka, nikalaza samaki wa kwanza. Akashika pale pale, kama amepewa kiwanja. Nikasubiri. Nikamsukuma taratibu. Ngozi ikabaki chini, nyama ikaja juu, kichwa kikaenda upande wake. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu sitaki hata kumzungumzia.

Hapo ndipo mgeni akaingia, na badala ya kukaa sebuleni kama watu, akaja moja kwa moja jikoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akachungulia. "Ndiye huyu wa kugeuzwa mara moja?"

Binti yangu akaanza kukohoa kama ana pafu moja. Ningeweza kusingizia mkaa. Mkaa haujitetei. Lakini mgeni alishainua macho. "Na kile kizuri mbona kiko ukutani?"

"Kile kinakaanga nguruwe kila Krismasi," nikasema. "Hiki nimeazima kwa Waislamu wenzako, na sahani pia. Ndiyo maana unaona huo msiba."

Akakitazama kile cha ukutani, kisha hiki cha alumini. Mjukuu wangu akashika fremu ya mlango.

"Ungenikaangia humo, nisingejua."

"Najua. Na samaki angetoka mzuri mno."

Akavuta kigoda, akakaa, akanawa mikono. Alikula vile vipande kwa ugali bila kuchagua, mpaka sahani ikabaki miiba. Kisha akakivuta kikaango chenyewe. "Na ukoko huu mnamwachia nani?" Akaukwangua kwa kijiko, anatafuna, na mimi, ambaye sijawahi kuacha mtu aone samaki wangu akiwa amevunjika, nikakaa nikimtazama anamaliza aibu yangu yote.

Ndoa imefungwa. Mimi nina vikaango viwili. Kile cheusi kinaendelea na dhambi zake za Krismasi. Kipya, cha chuma vilevile, ni cha samaki tu, na nakilea kama kitoto, na uzee wote huu. Bado kinashika. Mkwe, yule mama, akija hula vipande, na hakosi kuuliza, "Bibi, leo umegeuza mara ngapi?"

Namwambia anyamaze ale.