Paa Langu Lililowalaza Wakwe Kifudifudi

Sikupenda kulisimulia hili, lakini kwa kuwa majirani zangu wote hapa Makindye wanalisimulia, na kila mmoja anatia chumvi yake, heri mlisikie kwangu mwenye aibu. Mimi ni fundi wa paa za polikaboneti, zile shiti za plastiki ngumu zinazopitisha mwanga, mnazoziona kwenye veranda za watu. Kazi hiyo ndiyo iliyosomesha wanangu. Na ni paa nililolifunga kwa mikono yangu, nyumbani kwangu, ndilo lililotaka kumvunjia binti yangu uchumba.

Rukia, kifungua mimba wetu, alikuwa anaposwa na kijana mmoja wa polisi. Baba wa kijana ni Afande Juma, mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache, ambaye magoti yake yalibaki huko vitani (wapi hasa, hasemi, na sisi hatuulizi). Wageni walikuwa waje Jumamosi. Mama Rukia akaniambia, "Baba Rukia, kila siku unafunika veranda za watu, wakwe zetu walowe?" Kweli ndiyo hivyo, mfinyanzi hulia gaeni. Basi Ijumaa, nikiwa nimechoka hadi mifupa kwa kazi niliyokuwa nayo Namuwongo, huko chini ya kilima chetu, nikapanda ngazi kwenye manyunyu.

Sasa sikilizeni, maana mkasa wote umekaa hapa. Polikaboneti ikipigwa na jua inapanuka, ikipoa inarudi, kwa hiyo tundu lazima liwe pana kuliko skurubu ili shiti ipate pa kuchezea, na skurubu yenyewe usiikaze kama unamnyonga mtu. Hayo nawahubiria wateja wangu mpaka wanapiga miayo. Lakini siku hiyo ile biti nene ya drili, ncha ya kutobolea, nilikuwa nimeisahau Namuwongo, na kwenye mfuko nilikuwa na nyembamba tu, unene sawasawa na skurubu. Nikasimama pale juu, maji yananiingia kwenye kola, nikafikiria kushuka kilima chote kile halafu nikipande tena, nikajisemea, aa, nyumba ni yangu, nani atanilalamikia. Nikatoboa hivyo hivyo, nikakaza hadi mwisho, na niwaambieni ukweli, lilipendeza.

Jumamosi asubuhi ilinyesha, baridi tele. Wakwe walipofika tu, mawingu yakaondoka na jua likashuka lote kwa mpigo. Tukaketi kwenye mikeka, wanaume na kanzu zetu, kina mama na magauni yao ya gomesi. Afande Juma akainua macho juu, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Kazi mzuri. Nani nafunga hii?"

"Mimi mwenyewe, Afande," nikajibu, kifua mbele. (Jibu hilo nitaingia nalo kaburini.)

Pilau ikaletwa. Tumeanza tu kula, paa likalia: ta! Nikajua papo hapo. Afande akarudisha tonge kwenye sinia.

"Nini hiyo?"

"Ni boda, Afande. Pikipiki za hapa ekzosi zao mbovu."

Ikalia ya pili, kubwa zaidi. "Hiyo si boda," akasema polepole. "Boda mimi najua."

Mama Rukia akaniangalia, na yule mwanamke uso wangu anausoma hata gizani. Kwa nini sikusema? Niliona haya, basi. Nilikuwa nimetoka kujisifu sasa hivi. Nikainuka na bakuli, nikasema, "Ongezeni mchuzi, wakwe."

Hapo ndipo shiti ya katikati ilipobenuka ikapasuka kwenye skurubu, pa! na za jirani zikafuata kwa mstari, pa, pa, pa. Afande alisema neno moja tu: "Chini." Watu waliokulia kambini hawaulizi swali. Ukoo mzima ukalala kifudifudi, wajomba, mashangazi na gomesi zao, hata shehe aliyekuja kutuombea dua alikuwa na shavu ndani ya pilau. Na Afande mwenyewe, mzee aliyeshuka kwenye gari kwa mkongojo, aliruka mkeka mzima akamwangukia Rukia, akamfunika kwa mwili wake.

Aliyebaki wima ni mimi, baba yake Rukia, na bakuli la mchuzi mkononi.

Ikabidi niseme. "Ni paa, Afande. Linapanuka."

Vichwa vikainuka kimoja kimoja. Afande akatazama juu, kisha akanitazama mimi, ndevu zake zimejaa wali.

"Wewe ndio fundi?"

"Ndiyo."

"Tangu ile ya kwanza, ulijua?"

"Nilijua."

Ndugu zake walishaanza kutafuta viatu. Mmoja akasema, "Tuende. Huyu mzee nacheza na sisi." Rukia alikuwa analia bila sauti, na kilio hicho ndicho kilichoniuma kuliko aibu yote. Nilitamani ardhi inimeze, ila niliona hata yenyewe ingenitema.

Afande akawazuia kwa mkono. "Msichana hana makosa," akasema. "Lakini mimi sikai chini ya hii kitu. Mzee, toa."

Nikakunja kanzu, nikapanda ngazi, nikafungua skurubu moja baada ya nyingine, jua la utosi, wakwe wamehamia kivuli cha ukuta wanakula kilichosalimika huku wananitazama. Shiti ya mwisho ilipofika chini, Afande akasema, "Sasa tuongee mambo ya watoto."

Walioana. Paa nililirudisha kwa shiti mpya, matundu mapana, naliosha kwa sabuni na kitambaa laini, na halijawahi kutoa hata mlio. Bado Afande akija kututembelea huvuta kiti chake hadi nje kabisa, akaketi juani, nami navuta changu namfuata, tunatoka jasho wote wawili.

Watu wakimcheka kwa kulala chini, mimi nawakatiza. Yeye alidhani ni risasi, akamkimbilia mwanangu. Mimi nilijua ni plastiki, nikawa nalinda jina langu. Siku hizi chochote kikilia nyumbani kwangu, hata kama ni mlango wa jirani, nasema ni mimi kabla sijaulizwa.