Dizeli Kichwani

Mpango niliuandika mwenyewe, na nilijivunia sana. Umeme ukikatika kusini kote, betri za mnara wa simu zinashika kwa saa kadhaa, kisha jenereta inaingia, kisha mimi napeleka dizeli kwa gari, kutoka Nachingwea hadi vijiji vya Ruangwa. Mipango si matumizi, bosi wangu alinitania. Nilimcheka.

Siku ya tatu bila umeme nilikwama njiani kwenda Narung'ombe. Kijito ninachokivuka kila mwezi kilikuwa kimejaa, gari haliwezi kupita. Ng'ambo, mlimani, jenereta ilikuwa inamalizia mafuta. Nesi wa zahanati ya kijijini huko akanipigia. Alikuwa na mama anayejifungua, anatoka damu nyingi. Gari la wagonjwa nalo limezuiwa na maji, na daktari wa Ruangwa alikuwa akimwelekeza kwa simu.

"Kaka, mnara ukizima nabaki peke yangu."

Nilimweleza nilipokwama. Simu ikakatika, na mtandao ukapotea kabisa.

Nilikaa na madumu yangu sita nimepigwa butwaa. Baada ya muda wakatokea wanawake ng'ambo, wakaingia majini wameshikana mikono, maji yakiwafika kiunoni. Nesi ndiye aliyewatuma, na aliyetangulia alikuwa mama wa yule mgonjwa.

"Mwanangu, mafuta yako wapi?"

"Mama, dumu moja ni lita ishirini, na mkondo huu..."

"Lita ishirini nabeba kila siku. Nitwike."

Akasokota kanga ikawa kata, nikamtwika, na wenzake wakachukua madumu mengine. Walivuka tena, mkono mmoja kwenye dumu, mwingine kwa mwenzake, wakaanza kupanda mlima. Mimi nilivuka nao nikibeba faneli tu, na bado nilikuwa wa mwisho. Nimefunga mitambo mikubwa maishani, lakini sijaona kitu kama shingo zile zikipanda bila kuyumba. Niliona haya, na nilistaajabu mpaka nikasahau kuhema.

Jenereta ikawaka, mtandao ukarudi. Mama yule hakuwa na simu. Alisimama akiitazama yangu. Tulisubiri muda mrefu. Nesi alipopiga, aliomba nimpe mama.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto analia," akaniambia. "Na binti yangu ameomba uji."

Akanirudishia simu, akaketi chini, na hapo ndipo alipoanza kutetemeka.