Kiti Kimoja Kitupu Kwenye Tangazo la Noeli

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba jioni, siku ya tatu baada ya mazishi yake, binti wa jirani yangu alitokea kwenye televisheni yangu akatukaribisha mezani. Uani palikuwa na watu kama ishirini, wamekaa juu ya vigoda na matofali. Televisheni niliiweka dirishani, ikitazama nje, kwa sababu katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, upande wetu wa barabara, hapakuwa na nyingine. Hakuna aliyekumbuka tangazo. Tulikuwa tumelitazama kwa wiki moja, kabla ya habari na baada ya habari, kisha homa ikamchukua msichana kwa siku nne. Katika pilikapilika za jeneza na kaburi, nani angefikiri kwamba tangazo lilikuwa limelipiwa mpaka mwisho wa Desemba?

Lilitengenezwa kwa ajili ya duka moja la mjini Kolwezi. Mwenye duka, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka upande wa mashariki, aliuza mchele, sardini na maziwa ya unga. Alimchagua yule msichana kwa sababu alimzoea sokoni, alikouza mikate pamoja na mama yake, na kwa sababu ya kicheko chake. Miaka ile, kwa amri ya serikali, Noeli ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine yoyote, kwa hiyo neno Noeli halikutamkwa. Walisema tu "sikukuu za mwisho wa mwaka". Lakini mezani walikuwa wameweka mshumaa, na kila mtu alielewa.

Siku lilipoonyeshwa mara ya kwanza, vijana walimngojea kwenye njia ya soko.

"Vedeti! Nyota ya televizio! Leo mukate ni bei gani?"

"Mukate ni ile ile," aliwajibu bila kutua beseni. "Sura ndiyo ilipanda bei."

Nimetazama matangazo mengi ya Noeli tangu wakati ule, na nimejaribu kuelewa kwa nini machache hubaki kichwani na mengine hupotea. Sikusoma shule ndefu. Mambo ya umeme na picha niliyajifunza mwenyewe kutoka katika vitabu vilivyotupwa na ofisi. Naona kwamba bidhaa haihusiki. Leo hii singeweza kusema maziwa yale yalikuwa na kopo la rangi gani, na televisheni yangu haikuwa na rangi. Nakumbuka mvuke uliotoka chunguni alipofunua kifuniko. Nakumbuka watu watatu mezani na kiti cha nne kitupu, kimevutwa kidogo kuelekea kwetu sisi watazamaji. Nakumbuka zaidi kwamba alinyamaza. Aliinua uso, akatazama mlangoni, yaani akatutazama sisi, na kwa muda wa sekunde tatu hivi hakusema neno. Baadaye:

"Meza iko tayari. Munachelewa juu ya nini?"

Jioni ile ya siku ya tatu, mtu mmoja aliinuka haraka kuzima. Alikuwa amechelewa. Mama mzazi alikuwa ameketi kwenye mkeka wa matanga, ng'ambo ya uzio wa majani unaotenganisha uwanja wake na wangu. Tulisikia sauti yake, si kubwa, sauti ya mtu anayefunga mlango ili atoke.

"Tunakuja, mama. Tunakuja."

Kesho yake alipita katika tundu la uzio akaja kuketi mbele kabisa. Kwa desturi yetu mwenye matanga hatoki nje ya uwanja mpaka matanga yaishe, lakini kwa sababu ya tundu lile, lililokuwepo miaka mingi, wazee wetu wote waliuhesabu uwanja wangu na wake kuwa mmoja. Alikuja kila jioni. Tangazo lilipoanza alikiweka sawa kitambaa chake cha kichwa. Msichana aliponyamaza, mama naye alizuia pumzi. Alipouliza, mama alijibu. Watu waliacha kucheka uani kwangu, kisha wakaacha kuja. Jioni ya Noeli yenyewe nilirudi kutoka kazini na ovaroli yangu chafu nikamkuta amekaa peke yake, amevaa nguo ya kutokea, na sahani mapajani.

Ndugu yake mkubwa alifika siku nne baadaye. Alitoka Sandoa kwa baiskeli mpaka Kasaji, akangoja treni huko, ndiyo maana mazishi yalimpita. Alitazama tangazo mara moja, amesimama. Halafu akanivuta kando.

"Tata, hii sanduku yako inaita dada yangu."

"Ni picha tu, tata. Ni bande, utepe ya picha, inazunguka kule Lubumbashi."

"Picha haiulizake juu ya nini munachelewa." Aliteremsha sauti. "Mutu ya matanga akiitika sauti ya mufu, atamufuata. Umeona mikono yake? Hakule. Mulizika mumoja. Munataka babili?"

Nilikuwa nimeiona mikono. Nilifikiri kwa utaratibu, kama nilivyozoea kufikiri kazini. Tangazo lilikuwa linaisha tarehe thelathini na moja kwa vyovyote. Kama televisheni ingeharibika jioni ya tarehe hiyo, yeye angelaumu mashine, asingekuwa na la kungojea, na baada ya siku chache angezoea. Uongo wangu haungemnyima kitu. Basi jioni ya tarehe thelathini na moja, baada ya tangazo la pili, nilifungua nyuma ya televisheni nikatoa kile kioo kidogo chenye waya mwembamba ndani, unaokatika umeme ukizidi, nikakitia katika mfuko wa shati.

"Mashine iko mugonjwa, mama," nilimwambia. "Kipande kitatoka Lubumbashi."

"Siku ngapi?"

"Sijui, mama. Inaweza kuwa ata wiki mbili."

Alinitazama kama mtu anayetaka kusema jambo. Ndugu yake alikuwa amesimama karibu yetu. Hakulisema.

Alikuja hata hivyo. Kila jioni, mwanzo wa Januari, mvua ikinyesha au la, alipita kwenye uzio akaketi mbele ya kioo cheusi, akauliza, "Tata, kipande kilifika?" Nami nilimjibu, "Bado, mama." Muda wa tangazo ulipopita alirudi kwake. Jioni ya nane hakuuliza. Ya tisa hakuja. Nilimwambia ndugu yake kwamba ameanza kuzoea, na yule mzee alinishika mkono kwa mikono miwili.

Matanga yaliisha katikati ya mwezi. Yeye alinyoa nywele, akaoga, akarudi kukanda unga. Wiki moja baadaye nilikwenda kununua sardini, na mwenye duka akatoka nyuma ya kaunta.

"Mama aliliona vizuri?"

"Aliona nini?"

Alieleza. Siku mbili kabla ya mwaka kuisha alikuwa amekwenda kwa mama kutoa pole. Mama alimwekea mkononi kopo la pesa za mikate na kumwomba alipie tangazo liendelee, siku zozote ambazo pesa zile zingetosha. Alimsihi asimwambie mtu, hasa ndugu yake.

"Nilikataa mara mbili," alisema. "Lakini mkono wa mwenye matanga haurudishwi. Zilitosha siku nane. Mara mbili kila jioni, kama kawaida. Nilizipeleka zote kituoni, sikubakiza hata likuta moja."

Nyumba nyingine yenye televisheni ilikuwa ng'ambo ya barabara. Walioona huko walinyamaza, kwa kumheshimu ndugu wa mama. Nilimwomba mwenye duka aulize kituoni kama bande ipo. Jibu lilikuja baada ya siku kumi: juu yake walikwisha kurekodi kitu kingine.

Nilimwendea mama asubuhi. Ndugu yake alikuwa amesharudi Sandoa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia kile kioo katika mfuko wa shati. Hakuacha kukanda mpaka nilipomaliza.

"Yeye alikuwa anaita," alisema. "Siku munane. Na mi nilikaa pale, namutazama, na simusikie."

"Nilifikiri imekwisha, mama."

"Ulifikiri." Alihesabu kwa vidole vyenye unga, polepole, alipofika kumi akaanza tena. "Mara kumi na sita. Sasa anajua hatukujibu."

Nilitoa bahasha niliyokuwa nimeitayarisha. Aliisukuma kwa kiwiko, kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga.

"Haukuiba pesa, tata. Enda nayo."

Nilikwenda nayo. Ndani mlikuwa na zaïre, pesa zetu za wakati ule, mia moja arobaini na nne: tisa kwa kila mara tangazo lilipoonyeshwa.