Tulipompelekea Bwana Mto Wake

Mpaka leo sinywi kahawa. Wageni wakija nawapikia chai, na anayeomba kahawa namwambia imekwisha, hata kama mkebe umejaa kabatini. Haijawahi kunidhuru. Ni harufu tu. Sisemi ile ya kahawa iliyokaangwa, ambayo watu huisifu. Nasema harufu ya kahawa kabla haijawa kahawa, ambayo huwezi kuijua kama hukuishi chini ya kiwanda msimu wa kuchuma.

Niliolewa miaka ile ya hali ya hatari, serikali ya wazungu ilipopigana na waasi wa msituni, nikaletwa kuishi katika nyumba za laini, vibanda vya wafanyakazi vilivyopangwa mstari, kwenye shamba la mzungu mmoja, kati ya Ruiru na Thika. Mume wangu alikuwa mtumishi wa nyumba kubwa, wa kuvaa kanzu nyeupe na kubeba sinia. Mama yake alikuwa mjane, mwembamba, asiyecheka ovyo. Mchana alichuma kahawa ya bwana kama sisi wanawake wengine. Jioni aliteremka mtoni kwenye bustani yake, na ni bustani ile iliyotulisha.

Mto ulipojikunja chini ya shamba uliacha ukingo mpana wa udongo mweusi. Kahawa haipendi kulowa miguu, kwa hiyo bwana hakuutaka, akawaachia wanawake wa laini walime. Mama mkwe na wenzake walichimba mifereji ya kuingiza maji kati ya matuta. Wenye vipande kule juu mlimani walitazama mawingu, na mawingu yakikataa walilala njaa. Sisi hata jua likipasua ardhi tulikuwa na kabichi, nduma, ambazo wengine huziita magimbi, na miwa. Akipata ruhusa ya kusafiri, mama mkwe alibeba mzigo mgongoni, kamba kipajini, hadi soko la Thika, akarudi na chumvi, mafuta ya taa na sare ya shule ya shemeji yangu mdogo.

"Mvua ni ya Mungu," aliniambia siku ya kwanza aliponipa jembe. "Mfereji ni wangu."

Kisha msimu wa kuchuma ukafika, nami nina mimba ya kwanza.

Kiwanda kilikuwa juu yetu, ukingoni mwa mto uleule. Mashine ilimenya tunda jekundu, mbegu zikalazwa matangini hadi ule ute wake uchachuke, kisha zikaoshwa. Maganda, ute na maji yote ya kuoshea yalimwagwa mtoni. Wiki ya kwanza maji yalikuwa rangi ya chai. Wiki ya pili yalikuwa mazito, na povu la kijivu limekwama kwenye matete kama mate ya mgonjwa. Samaki wadogo walielea tumbo juu. Mawe yalivaa utelezi mweupe wenye nyuzinyuzi, na ukikanyaga ulipanda katikati ya vidole. Ndani ya mifereji yetu waliota minyoo wekundu, wembamba kama uzi, wakicheza pamoja kana kwamba kuna sherehe. Na ule uvundo! Fikiria ndizi zilizooza ndani ya pombe iliyoharibika, kisha ng'ombe akaja kujisaidia juu yake. Uliingia kwenye blanketi, kwenye unga, kwenye nywele. Nilitapika asubuhi, nikatapika jioni, na maji ya kusukutua kinywa yalikuwa hayohayo.

Tuliyachemsha, yakanuka zaidi. Tuliyachuja kwa kitambaa, na kitambaa kikabaki na ute ambao haukutoka hata kwa sabuni. Watoto wa laini walishikwa na vidonda miguuni, wakaharisha, na kitoto cha jirani yangu wa ukuta mmoja kilikufa kabla hakijajua kutembea. Hatukuulizana kimekufa kwa nini. Kila mtu alikuwa na pua.

Maji safi yalikuwepo. Yalikuja kwa bomba hadi kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa, na nyapara ndiye aliyeshika bomba lile. Alikuwa mtu wetu, wa lugha yetu, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. Siku moja nilikwenda na mama mkwe kumwomba debe moja, kwa sababu ya hali yangu. Alitutazama, akavua viatu, akaingiza miguu yake ndani ya birika la ng'ombe, akaisugua taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akatuonyesha birika.

"Choteni."

"Mwanangu ni mjamzito," mama mkwe akasema. "Fungua bomba."

"Bomba ni la ng'ombe. Ng'ombe wanampa bwana maziwa. Ninyi mnampa nini?"

Mama mkwe alinishika mkono tukaondoka, na njiani alitema mate mara kwa mara kama mtu aliyemeza nzi.

Jumapili iliyofuata aliwakusanya wanawake wa bustanini, si zaidi ya watano pamoja, maana kukusanyika kulikuwa hatari siku zile. Juu ya kiwanda, pembeni mwa kilima, palikuwa na chemchemi ndogo ambayo haikuwa na mwenyewe, imefunikwa na magugu. Tulikubaliana kuvuta mfereji kutoka pale, uzunguke kiwanda kwa juu, uteremke hadi bustanini. Tulichimba kila Jumapili baada ya kanisa. Mimi na tumbo langu nilipewa kazi ya kuzoa udongo kwa karai. Mahali pengine palikuwa na mwamba mwekundu na jembe liliruka likatuumiza mikono. Nyapara alipita, akasimama, akacheka. "Chimbeni, mama zangu. Kazi nzuri hiyo."

Maji yalipofika hatukupiga vigelegele, tuliogopa. Mama mkwe alipiga magoti, akakinga kwa viganja, akanipa mimi kwanza. Hayakuwa na ladha yoyote. Nakumbuka nililia kwa sababu ya kukosa ladha kule. Mvua za vuli zilichelewa mwaka ule na kule mlimani mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, lakini kabichi zetu zilifunga, ngumu kama mawe. Mimi niliacha kutapika.

Bwana akaja na gari lake, akashuka, akafuata mfereji kwa miguu tangu bustanini hadi chemchemi. "Mzuri sana," alisema. "Mingi maji hapa." Tuliona kwamba amefurahi.

Kabla kabichi hazijakatwa, watu walikuja na mabomba ya chuma. Waliijengea chemchemi ukuta wa saruji, wakaelekeza maji yote nyumba kubwa. Mfereji wetu ukakauka, chura mmoja amebaki ndani yake. Jioni mume wangu alirudi kutoka kazini. Alituambia maji yanakwenda wapi. Bwana alikuwa amechimbisha bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba.

"La kuogelea nani?" mama mkwe akauliza.

"Watoto wake, wakija kutoka shuleni. Kwa sasa wanaoga mbwa."

Nilitoka nje nikatapika, ingawa sikuwa nimekula.

Wazo lilikuwa la mama mkwe, na alilisema asubuhi huku akifunga leso, kama mtu anayesema anakwenda sokoni. Jumamosi bwana na mkewe, memsahibu, hukaribisha wageni kwa chai barazani. Tungewapelekea maji.

Tuliteremka mtoni saa za mchana, sisi watano, kila mmoja na debe lake. Hatukuchota pale juu juu. Tuliingiza madebe hadi chini, kwenye ute na minyoo, tukafunika kwa majani ya migomba, tukapanda kilima. Mlinzi wa lango aliona wanawake wenye madebe ya maji mgongoni akatufungulia. Nani amzuie mwanamke na maji?

Barazani walikuwa wazungu saba au wanane, vitambaa vyeupe, keki. Mume wangu alikuwa amesimama katikati yao na sinia ya vikombe. Alituona, akaacha kugawa vikombe. Tulitua madebe mstari mmoja mbele ya ngazi. Mama mkwe akayafunua moja baada ya jingine.

Siwezi kusema harufu ilisambaa tu. Ilikuwa kama mtu aliyekuja kuketi nao. Memsahibu alifunika pua kwa kitambaa cha meza, vikombe vikaanguka. Mgeni mmoja mnene aliinama juu ya ua lenye waridi akatoa keki yote aliyokula. Nilimtazama nikasema moyoni: karibu.

"Nini hii?" bwana alipiga kelele. "Nani naleta takataka hapa?"

"Si takataka, bwana," mama mkwe akasema. Sauti yake haikupanda. "Ni maji tunayokunywa. Kiwanda chako kinatuletea kila siku. Leo tumeona tukurudishie."

"Toa! Boi, toa hii yote, upesi!"

Boi alikuwa mume wangu. Aliitua sinia chini kwenye saruji, polepole, bila kuvunja kitu. Akavua kofia, akavua kanzu, akaikunja vizuri akaiweka juu ya kiti cha mgeni aliyekuwa anatapika. Alibaki na kaptura na fulana yenye matundu. Akashuka ngazi, akamwambia mama yake, "Twende, mama." Madebe tuliyaacha palepale.

Tulilipia. Jioni ileile nyapara alikuja na askari, akasema tumekula kiapo cha waasi wa msituni, maana hayo ndiyo yaliyosemwa kila mtu mweusi alipofungua kinywa. Mama mkwe alifungiwa katika kambi ya wafungwa, akarudi amekonda na jino moja limetoka. Trekta lilipita bustanini mara mbili, likasaga kabichi na nduma pamoja. Mume wangu alipata kazi ya kubeba magunia Thika, akawa anarudi kwa mwezi mara moja; sisi wanawake tuliachwa katika laini, maana kahawa ilihitaji wachumaji. Nilijifungua msichana, akiwa mdogo lakini mzima.

Kilichokuja kuusafisha mto si madebe yetu. Kulikuwa na mzungu mwingine, mwenye shamba chini yetu, ambaye ng'ombe wake walikataa kunywa. Alikuja mara moja tu, kwa gari, akaongea na bwana kwa dakika chache kando ya barabara. Wiki hiyohiyo yakachimbwa mashimo makubwa ya kumwagia maji ya kiwanda, mbali na mto. Mara moja tu! Kitoto cha jirani hakikutosha, ila ng'ombe waliosusa walitosha.

Msimu wa pili mto ulirudia rangi yake. Nyapara alikuja mlangoni, akitabasamu kama hakuna lililotokea, akasema bwana ameruhusu ukingo ulimwe tena. Nilimngoja mama mkwe amtemee mate. Alichukua jembe.

"Utalima pale? Baada ya yote?" nilimuuliza.

"Mtoto atakula nini? Hasira yako?"

Alifungua mifereji upya peke yake, maana mimi nilikataa kwenda. Niliuona ule udongo mweusi na nikaona yote yaliyopita ndani yake. Nduma za kwanza zilipokomaa alizichemsha, akaponda moja kwa maziwa, akamlisha binti yangu. Mtoto alifungua kinywa akataka zaidi. Mama mkwe akanisogezea sahani mimi pia, bila kunitazama. Ilifuka mvuke. Niliinusa kwa muda mrefu, nikitafuta ile harufu. Haikuwepo. Nikala, nikameza kila tonge kama dawa.