Nikamue Maziwa kwa Ajili ya Vifuko vya Seli!

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi moja hapa Mandawa, wifi yangu aliponijia jikoni na kikombe cha maua, kile cha wageni, kitupu, akaniambia nikamue.

"Nikamue nini?"

"Maziwa, wifi. Nusu kikombe tu. Ya Bibi."

Nilikuwa nimempakata mwanangu wa miezi saba, ananyonya. Hata yeye aliacha, akageuka kumtazama shangazi yake.

"Bibi anatafuna mihogo mikavu," nikasema. "Nani kakwambia anataka kunyonya?"

"Si kunyonya. Ni ya kuchanganyia dawa. Mtaalamu kasema maziwa ya mzazi yana vifuko vya seli, vinaviongezea nguvu vile vya kwenye chupa. Kamua bwana, usiwe mchoyo."

"Na vidonge vyake vya presha, navyo tunachanganya na maziwa?"

Wifi akatazama kikombe. "Vidonge tumeviacha. Leo siku ya nane. Mtaalamu kasema vinapasua vifuko."

Nikamnyang'anya kikombe nikakirusha nje. Nililenga mwembe nikamkosakosa jogoo, na mpaka leo jogoo yule akiniona anapita njia ya nyuma.

Bibi ni mama mzazi wa mume wangu. Ugonjwa wake wa kusahau ulitupita mbele ya macho kwa sababu ya utani. Huku kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mtu na mumewe, kila mtu anajua hivyo. Mwanangu alipozaliwa, Bibi akamwita mume wangu, na mimi ghafla nikawa mama mkwe wa mama mkwe wangu. Sawa. Akawa anamwuliza, "Mume wangu, chumvi imekwisha, unangoja nini?" Tukacheka. Akamnunia kutwa nzima kwa kutomnunulia khanga. Tukacheka. Akampakulia sahani ya ugali, akapiga goti, akamnawisha vile vidole kama njugu, akasema yeye hali mpaka bwana amalize. Tulicheka mpaka mume wangu akapaliwa.

Ulipofika msimu wa kupulizia salfa mikorosho, Bibi akatoa mabuti ya marehemu mumewe, akamtumbukiza mtoto ndani ya buti moja, lote, mpaka kwapani, akamwambia ashike bomba aende shamba, wenzake wameshatangulia. Mtoto hata kutambaa hajui. Nikacheka, kisha nikamtazama Bibi machoni. Hakuwa anatania. Alikuwa na hasira ya kweli, hasira ya mke aliyeolewa na mvivu.

Ndipo tukampeleka upande wa Mnero, Nachingwea, nilikozaliwa mimi na ninakowafahamu wauguzi. Tabibu alimpima, akamwuliza maswali mengi, akasema inaelekea ni Alzeima, na dawa ya kuuondoa ugonjwa huo hakuna. Kilichomtisha zaidi ni presha. "Vidonge hivi kila siku," akaniambia mimi, si mume wangu. "Mkivichezea, ataanguka, na anaweza asiinuke." Nikaitikia. Nikavibandika akilini kama Baba Yetu.

Lakini wifi yangu, anayeishi Nachingwea mjini, alipoambiwa hakuna dawa, hakukubali. Akaja Mandawa kunisaidia kuuguza, akashika yeye kazi ya vidonge, nami nikashukuru kama mjinga. Wiki haikupita akamleta mtaalamu.

Mtaalamu alifika kwa bodaboda. Koti lake jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya tofali kwa vumbi, mgongoni tu. Mbele lilikuwa jeupe bado, kwa hiyo akakaa muda wote akiwa ametutazama. Akatoa chupa.

"Humu, mama zangu, mna vifuko vya seli. Vidogo, macho hayavioni. Vinapanda kichwani, vinakarabati ubongo."

"Kama macho hayavioni," nikamwuliza, "wewe umejuaje vimo?"

"Dada, hii ni sayansi."

"Mimi nimesoma baiolojia mpaka kidato cha nne."

"Ulipata ngapi?"

"D."

Akatabasamu. Wifi naye akatabasamu. Ilikuwa D ya haki, sikuigilizia kwa mtu, lakini ilininyamazisha. Hapo ndipo nilipokosea.

Basi, baada ya kikombe kuruka, nilimfunga mtoto mgongoni, nikamshika Bibi mkono, tukaenda zahanati. Njia nzima Bibi alimlaumu mumewe kwa kubebwa. "Mwanamume mzima!" Kipimo kilipofungwa mkononi, muuguzi alisoma, akakunja uso, akapima tena. Akanigombeza mbele ya foleni nzima, nami nikamwacha, maana alikuwa na haki. Bibi akalazwa kutwa pale, akaanza tena vidonge.

Jioni presha iliposhuka kidogo, nikamwuliza muuguzi kuhusu vifuko. Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Vipo," akasema. "Seli za mwili zinatoa vijifuko vidogo mno, kama vifurushi. Seli moja inafunga ujumbe wake ndani ya kipande cha ngozi yake, inautuma kwa seli nyingine. Watafiti wanavichunguza kama vinaweza kupeleka dawa mpaka kwenye ubongo, maana ubongo haufunguliwi mlango hovyo. Mengi bado wanajaribu kwa panya, na kwa watu ndiyo kwanza wanaanza."

"Kwa hiyo siku moja..."

"Huenda. Huenda pia isiwe. Ila haitakuja kwa bodaboda."

Nilirudi nyumbani nikaikuta chupa dirishani. Kibandiko kilikuwa kimevimba pembeni. Nikakivuta. Chini yake palikuwa na kibandiko kingine: dawa ya kifua kwa wachimbaji wa Namungo. Kumbe chupa imetokea machimboni, huko ilikuwa inatibu vumbi. Nikavuta na hicho. Chini yake: dawa ya kuongeza mayai kwa kuku.

Nikampelekea wifi. Alisoma vyote vitatu, taratibu, midomo ikicheza.

"Nimemnywesha mama dawa ya kuku," akasema.

"Mayai ametaga?"

Nilitaka kumuumiza. Akakaa chini kwenye sakafu. "Wifi, juzi ameniita mgeni. Akaniuliza nimetoka kwa nani. Mimi, mwanawe wa kwanza. Nilitaka anijue, basi."

Nikamsogezea mtoto amshike. Kisha nikachana karatasi mbili kwenye daftari, nikaandika barua, na kesho yake nikaipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri:

*Kwa Mtendaji wa Kata. Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MTU ANAYEUZA CHUPA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mkwe wa mgonjwa. Nalalamika kuwa mtu mwenye koti jeupe upande wa mbele ameiuzia familia yangu chupa akidai ina vifuko vya seli vya kutibu Alzeima. Vifuko hivyo vinafanyiwa utafiti na wasomi, si na yeye. Chupa ina vibandiko vitatu, cha mwisho ni cha kuku. Nimeiambatisha, haijaoshwa.*

*Pili, na hili ndilo kubwa, alimwachisha mama mkwe wangu vidonge vya presha siku nane. Amepona kuanguka kwa rehema ya Mungu.*

*Tatu, aliagiza maziwa yangu bila kuniuliza.*

*Naomba azuiwe, chupa ipimwe, na itangazwe misikitini na makanisani kwamba yeyote aliyeambiwa na mtu huyu aache vidonge, avirudie leo, asingoje uchunguzi wenu umalizike.*